Mlezi, Mahakama na Mtihani: Historia ya Wauguzi wa Usingizi

Tarehe 16 Oktoba 1846, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, na mpasuaji John Collins Warren akamkata uvimbe wa shingoni huku amelala. Habari hiyo ilizunguka dunia katika miezi michache. Lakini kuna jambo ambalo masimulizi mengi hulipita haraka. Kwa miongo kadhaa baada ya siku ile, karibu kila mahali nchini Marekani, hapakuwa na mtu ambaye kazi yake hasa ilikuwa kumlaza mgonjwa na kumlinda mpaka aamke. Chupa ya etha au ya klorofomu alikabidhiwa yeyote aliyekuwa karibu: mwanafunzi wa udaktari, daktari mchanga aliyeingia hospitali jana, wakati mwingine mhudumu wa wodi. Mtu huyo alikuwa amekuja kujifunza kukata na kushona, hivyo macho yake yalifuata kisu, na uso wa mgonjwa ukabaki bila mwangalizi. Wapo waliokata roho kabla upasuaji haujaanza, na wapo waliozinduka katikati yake.

Wapasuaji wenyewe ndio walioanza kulalamika. Kufikia miaka ya 1880 walikuwa wamejifunza kuua vijidudu, na kwa hiyo waliweza kulifungua tumbo bila kidonda kuoza. Operesheni zikawa nyingi na ndefu, na hatari kubwa iliyobaki mezani ikawa ile dawa ya usingizi. Walimtaka mtu atakayemtazama mgonjwa tu, mwanzo hadi mwisho, asiyekuwa na hamu ya kushika kisu. Tuseme ukweli wote: walimtaka pia mtu asiyedai malipo makubwa wala kushindana nao kwa heshima. Muuguzi mwanamke wa zama zile aliyatimiza masharti yote. Ubingwa huu ulizaliwa kwa sababu njema na sababu mbaya zikiwa zimefungwa pamoja, na ugomvi mwingi uliofuata ulitokana na fundo hilo.

Wa kwanza ambaye jina lake limehifadhiwa ni mtawa wa Kikatoliki, Sista Mary Bernard, aliyeanza kutoa dawa za usingizi mwaka 1877 katika hospitali ya Mtakatifu Vinsenti mjini Erie, Pennsylvania. Baada yake masista wengine walishika kazi hiyo katika hospitali za mashirika yao, hasa katika majimbo ya kati ambako reli ilikuwa inafungua miji mipya na madaktari walikuwa wachache. Sista mmoja alimfundisha mwenzake, naye akahamishiwa nyumba nyingine, akamfundisha wa tatu. Hawakuwa na kitabu cha mafunzo wala shahada, bali walikuwa na nidhamu ya kukaa kimya, kutazama na kurudia.

Mahali ujuzi huo ulipokomaa ni Rochester, jimbo la Minnesota. Agosti 1883 kimbunga kiliubomoa mji huo mdogo, na watawa wa Mtakatifu Fransisko wakawauguza majeruhi. Mkuu wao, Mama Alfred Moes, alimwendea mganga mzee wa mji, William Worrall Mayo, akamwambia kwamba watawa watajenga hospitali endapo yeye atakubali kuihudumia. Hospitali ya Mtakatifu Maria ikafunguliwa mwaka 1889, mzee Mayo akiwa na wanawe wawili, William na Charles. Watatu hao walihitajika kwenye upasuaji na matibabu, na hapakuwa na daktari wa nne wa kushika barakoa. Wakamfundisha muuguzi Edith Graham, binti wa mahali palepale aliyesomea uuguzi Chicago. Mwaka 1893 Edith aliolewa na Charles Mayo akaacha kazi, na nafasi yake ikachukuliwa na Alice Magaw, naye pia aliyefunzwa uuguzi Chicago.

Inafaa tukae kidogo na Magaw, kwa kuwa ndiye aliyeigeuza shughuli ya kumiminia watu etha kuwa fani yenye kanuni zake. Desturi ya wakati ule ilikuwa kumfunga mgonjwa kwa mikanda, kumziba pua na mdomo kwa tambara lililolowa, na kumshikilia huku akipapatika mpaka alegee. Magaw aliiacha desturi hiyo. Aliweka barakoa ya waya iliyotandikwa tabaka za shashi, akadondosha etha tone kwa tone, akiacha hewa ipite, na wakati wote huo akiongea na mgonjwa kwa sauti ya chini: vuta pumzi polepole, hivyo hivyo, mikono inalegea, macho yanakuwa mazito. Kwake maneno yalikuwa sehemu ya dawa. Mgonjwa aliyetulizwa alihitaji etha kidogo zaidi, na etha ikiwa kidogo hatari hupungua. Aliangalia rangi ya sikio na midomo, akasikiliza mkoromo, akagusa mshipa wa shavuni, na kutokana na dalili hizo alijua wakati wa kuongeza tone na wakati wa kuinua barakoa.

Aliandika pia. Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1899. Mwaka 1906 alichapisha katika jarida la wapasuaji mapitio ya wagonjwa zaidi ya 14,000 waliolazwa kwa mikono ya idara yake, bila hata kifo kimoja kilichosababishwa moja kwa moja na dawa ya usingizi. Kwa enzi ambayo vifo mezani vilichukuliwa kama kodi ya lazima, na katika jarida ambalo sauti za wauguzi hazikuzoeleka kusikika, makala ile iliwalazimisha watu kumsikiliza. Charles Mayo alimwita mama wa fani ya usingizi.

Sasa wageni walimiminika Rochester. Mpasuaji alikuja kuwatazama ndugu Mayo wakifanya kazi, akarudi kwao akisema kwamba ajabu kubwa aliyoiona ilikuwa kichwani mwa meza, alikokaa muuguzi. Kisha akamtuma muuguzi wake kwenda kujifunza. Huyo alikaa wiki kadhaa karibu na Magaw, au karibu na Florence Henderson aliyejiunga naye baadaye, akawa kama mwanagenzi kwa fundi: siku za kwanza kutazama, baadaye kushika taya la mgonjwa ili njia ya hewa isizibe, na mwishowe kupewa chupa huku mwalimu amesimama begani. Hakuna chombo kilichopiga kelele oksijeni iliposhuka. Kengele ilikuwa jicho la mwalimu, na kilichofundishwa kwa wiki hizo ni namna ya kuhamisha jicho hilo kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Mpaka leo sijui njia nyingine ya kufundisha jambo la aina hiyo.

Hata hivyo, malezi ya namna hiyo yalikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Muuguzi aliyeondoka Rochester aliondoka na ujuzi mikononi na pengine barua ya mpasuaji mfukoni. Penye watu waliomjua Mayo, barua ilifungua milango. Kwingineko kote alikuwa muuguzi tu, na kama aliyewahi kukaa wiki mbili na aliyewahi kukaa miezi sita wangesimama pamoja, hakuna mwajiri aliyeweza kuwatofautisha. Heshima yake yote ilikuwa ya kukopa. Mpasuaji akifa, akihama au akimkasirikia, ubingwa wake uliondoka naye. Magaw mwenyewe alipoolewa na kuondoka Rochester mwaka 1908, aliacha nyuma yake jina kubwa na makala chache, bila shule yenye mlango na orodha ya wahitimu.

Shule za kwanza zilianza mwaka uliofuata. Mwaka 1909 Agnes McGee alifungua kozi katika hospitali ya Mtakatifu Vinsenti mjini Portland, Oregon. Nyingine zikafuata Springfield jimbo la Illinois, New York na Brooklyn kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Zilikuwa kozi fupi za miezi, kila moja na mtaala wake, na kila mkuu wa kozi alitoa cheti kwa kipimo alichojiwekea.

Aliyebadilisha mambo ni Agatha Hodgins, Mkanada aliyekwenda Marekani kusomea uuguzi katika Hospitali ya Jiji la Boston na baadaye akapata kazi katika hospitali ya Lakeside mjini Cleveland, Ohio. Huko alikuwepo mpasuaji George Crile, mtu aliyekuwa ametumia miaka mingi kuchunguza kwa nini wagonjwa huishiwa nguvu ghafla na kufa wakati wa upasuaji au baada yake. Crile aliamini kwamba hofu na maumivu huuchosha mwili hata kama mgonjwa amelala, kwa hiyo alitaka usingizi mwepesi wa gesi ya nitrasi oksaidi na oksijeni, pamoja na ganzi sehemu inayokatwa. Gesi hiyo ni ngumu kuitawala. Ikizidi kidogo mgonjwa anakosa hewa, ikipungua kidogo anaamka. Mwaka 1908 alimchagua Hodgins aijifunze, naye akaanza na wanyama wa maabara kabla ya kuruhusiwa kumgusa binadamu.

Hodgins alikuwa mwanafunzi wa mpasuaji, lakini hakutaka kubaki hivyo. Vita vilipoanza Ulaya, alikwenda Ufaransa pamoja na Crile na timu ya Lakeside mwanzoni mwa mwaka 1915, kwenye hospitali ya Kimarekani iliyowekwa katika jengo la shule kule Neuilly, pembeni mwa Paris. Majeruhi walifika wamepoteza damu nyingi, na etha iliwamaliza. Gesi ilionekana kuwahifadhi vizuri zaidi. Timu iliporudi nyumbani, yeye alibaki kwa muda akiwafundisha wengine namna ya kuitumia. Pale nadhani ndipo alipoona jambo ambalo mtu aliyekaa chumba kimoja cha upasuaji maisha yake yote hawezi kuliona: mahitaji yalikuwa makubwa kuliko uwezo wa mwalimu mmoja na mwanagenzi mmoja.

Mwaka huohuo wa 1915 Shule ya Usingizi ya Lakeside ilianza rasmi. Darasa la kwanza lilikuwa na wauguzi 11, madaktari sita na madaktari wawili wa meno. Orodha hiyo inastahili kutazamwa mara mbili: muuguzi mwanamke alikuwa anawafundisha madaktari, kabla wanawake wa Marekani hawajapata haki ya kupiga kura nchi nzima. Wahitimu walitawanyika nchini, na wengi wao wakafungua kozi zao wenyewe katika hospitali walizokwenda.

Mafanikio hayo yaliwachokoza watu. Kundi la madaktari waliotaka usingizi uwe ubingwa wa udaktari, wakiongozwa na Francis Hoeffer McMechan wa Ohio, lilisema kwamba kutoa dawa ya usingizi ni kutibu, na anayetibu bila leseni ya udaktari anavunja sheria. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Dawa hizo zinaua, na ni haki kuuliza nani amempa ruhusa anayezitoa. Mwaka 1916 bodi ya udaktari ya Ohio iliiandama Lakeside, na Crile akalazimika kusimamisha mafunzo kwa muda huku akipeleka utetezi wake. Katika jimbo la Kentucky chama cha madaktari cha Louisville kilipinga wauguzi kufanya kazi hiyo. Mpasuaji Louis Frank na muuguzi wake Margaret Hatfield wakaenda mahakamani, na mwaka 1917 mahakama ya rufaa ya jimbo ikawapa ushindi. Ohio nayo ikabadilisha sheria yake mwaka 1919, ikamruhusu muuguzi kutoa dawa ya usingizi chini ya uongozi wa daktari na mbele yake, mradi awe amepitia mafunzo yanayokubalika.

Hapo kwenye mafunzo yanayokubalika ndipo penye kiini cha mambo. Yanakubalika na nani, na kwa kipimo gani? Sheria ilikuwa imeuliza swali ambalo wauguzi wenyewe hawakuwa na jibu lake la pamoja. Miaka ya 1920 kozi ziliongezeka, nzuri na mbaya, na hospitali nyingine zikaanza kozi kwa sababu tu ya kupata wafanyakazi wa bure.

Tarehe 17 Juni 1931 Hodgins aliwakusanya Cleveland wauguzi wa usingizi wasiofika hamsini, wakaunda chama. Aliwaza makubwa kuliko idadi yao: jina la kwanza lilikuwa la chama cha kimataifa, likafupishwa kuwa la kitaifa mwaka uliofuata, na mwaka 1939 likawa jina lililotumika hadi mwaka 2021, Chama cha Wauguzi wa Usingizi cha Marekani kwa tafsiri ya Kiswahili. Malengo yake yalikuwa kuinua mafunzo, kuweka kipimo kimoja na kuwalinda wanachama. Chama kikuu cha wauguzi hakikuwapokea kama kundi lenye mamlaka yake ndani ya nyumba ile kubwa, na madaktari hawakuwataka. Waliopata kuwapa kivuli ni Chama cha Hospitali, na mkutano wao wa kwanza wa mwaka ulifanyika Milwaukee mwaka 1933 sambamba na mkutano wa chama hicho. Hodgins alikuwa mgonjwa wa moyo kufikia wakati huo. Gertrude Fife wa Cleveland akabeba mzigo wa uongozi, na Helen Lamb wa hospitali ya Barnes mjini St. Louis akashika upande wa elimu. Lamb ndiye aliyemlaza mgonjwa wa Evarts Graham mwezi Aprili 1933, katika upasuaji wa kwanza uliofanikiwa wa kuondoa pafu zima kwa mgonjwa wa saratani. Alipozungumza kuhusu kiwango cha mafunzo, hakuna aliyeweza kusema kwamba hajui anachokisema.

Mwaka 1934 kesi nzito kuliko zote ilifunguliwa Los Angeles. Daktari William Chalmers-Francis na wenzake walimshtaki muuguzi Dagmar Nelson kwamba anafanya udaktari bila leseni. Nelson alikuwa mtoto wa Rochester kitaaluma: alifanya kazi kliniki ya Mayo, kisha akahamia California pamoja na mpasuaji Verne Hunt aliyetoka hukohuko. Mashahidi walibishana juu ya nani huamua kiasi cha dawa, nani husoma dalili, na mpasuaji anaweza vipi kumwongoza mtu aliye upande wa pili wa pazia. Mahakama ya Juu ya jimbo ilitoa hukumu mwaka 1936: Nelson hakuvunja sheria, kwa sababu alifanya kazi chini ya uelekezi na usimamizi wa mpasuaji, kama muuguzi anavyofanya katika mambo mengine.

Ushindi huo uliilinda kazi yao, lakini tuutazame kwa makini. Sheria ilimlinda Nelson kwa sababu ya mtu aliyesimama karibu naye. Juu ya alichokijua yeye mwenyewe, hukumu haikuwa na la kusema. Kwa mtazamo wangu ndiyo sababu viongozi wa chama hawakulala baada ya hukumu. Walihitaji kitu ambacho muuguzi angekibeba yeye mwenyewe kutoka jimbo hadi jimbo, ambacho mpasuaji hakukitoa na hawezi kukinyang'anya.

Vita vya pili vya dunia viliwakuta katikati ya maandalizi. Jeshi liliwahitaji wauguzi wa usingizi kwa haraka, likawapitisha wengi katika kozi zilizofupishwa, na hospitali za nyumbani zikabaki na upungufu. Tofauti kati ya aliyefunzwa vizuri na aliyefunzwa kwa haraka sasa ilikuwa jambo la uhai na kifo katika maelfu ya vyumba vya upasuaji.

Agatha Hodgins alifariki Machi 1945. Tarehe 4 Juni mwaka huohuo mtihani wa kwanza wa chama ulifanyika, wauguzi 92 wakiukalia katika hospitali mbalimbali, kutoka pwani ya Atlantiki hadi visiwa vya Hawaii. Kuanzia hapo mwanachama mpya alitakiwa kufaulu kwanza. Maswali yale yalikuwa yaleyale kwa aliyefundishwa na mwalimu mashuhuri na kwa aliyefundishwa katika hospitali ndogo ya kimisheni ambayo hakuna aliyeisikia. Mtu hakuulizwa ni mwanafunzi wa nani.

Lakini kabla ya kusifu, lazima tutaje waliozuiwa mlangoni. Kwa zaidi ya miaka kumi ya mwanzo chama kiliwafungia nje wauguzi weusi, na kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1944 tu. Wanaume waliruhusiwa mwaka 1947. Hapa historia inaonyesha upande wa malezi ambao hausemwi sana. Mlezi humchagua anayemlea, na watu kwa kawaida huwachagua wanaofanana nao. Wapasuaji wa Rochester na Cleveland waliwainua wanawake weupe waliokuwa mbele ya macho yao. Muuguzi mweusi wa Alabama au Georgia aliyekuwa na mikono myepesi kuliko wote hakuwa na wa kumwita kichwani mwa meza. Mtihani usiouliza jina la mwalimu ungemfaa yeye kuliko mtu yeyote, lakini mlango wa chama ulifunguliwa kwake mwaka mmoja tu kabla ya mtihani huo. Anayeudharau mtihani kwa kusema kwamba ujuzi hauandikwi kwenye karatasi anasema kweli nusu, na mara nyingi yeye mwenyewe alikuwa na mtu wa kumshika mkono.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwaka 1952 chama kilianza kuzikagua na kuzithibitisha shule zenyewe, na zilizoshindwa kufikia kiwango zikajirekebisha au zikafungwa. Mwaka 1956 waliofaulu walianza kutumia cheo chao rasmi cha muuguzi wa usingizi aliyesajiliwa na kuthibitishwa. Tangu mwaka 1978 ilibidi uthibitisho wenyewe uhuishwe kila baada ya muda, kwa maana mtu aliyefaulu akiwa kijana hawezi kuishi kwa ushindi huo mpaka uzeeni. Wauguzi wa fani nyingine waliitazama njia hiyo wakaifuata kwa namna yao. Wale wa wagonjwa mahututi waliunda chama chao mwaka 1969 na kutoa mtihani wao wa kwanza mwaka 1976. Katika maisha ya muuguzi wa kawaida mabadiliko hayo yalimaanisha kitu kipya kabisa. Zamani kupanda cheo kulimaanisha kuondoka kitandani kwa mgonjwa na kwenda kukaa ofisini kama msimamizi. Sasa muuguzi aliweza kupanda akiwa palepale kitandani, akiongezewa mamlaka na mshahara kwa sababu ya anachokijua.

Hata hivyo karatasi haikumfuta mwalimu. Mwaka 1984 Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa California, alitoa kitabu kilichoeleza hatua tano ambazo muuguzi hupitia kutoka ugeni hadi ubingwa, kutokana na simulizi za wauguzi wenyewe. Alionyesha kwamba aliyebobea hafuati tena orodha ya kanuni. Huona hali nzima kwa pamoja, na mara nyingi hutambua mgonjwa anazidiwa kabla namba hazijabadilika. Anayemsikia Benner baada ya kusoma habari za Magaw ataona wanazungumza jambo lilelile. Mtihani unaweza kuthibitisha kwamba mtu ameingia hatua ya tatu. Kutoka hapo kwenda mbele hakuna chumba cha mtihani. Kuna mgonjwa na kuna mwenzako aliyekutangulia.

Mwaka 1989, kule St. Gallen nchini Uswisi, vyama vya nchi 11 viliunda shirikisho la kimataifa la wauguzi wa usingizi, na ndoto ya Hodgins ya mwaka 1931 ikapata mwili miaka 58 baadaye.

Huku kwetu Afrika Mashariki njia ilikuwa nyingine. Tulirithi mpangilio wa Waingereza, ambao kwao usingizi ni kazi ya daktari, lakini hatukurithi madaktari wa kuujaza. Kwa hiyo kila nchi ilitafuta watu wake: Uganda ikawafunza maofisa wa usingizi, Kenya matabibu, Tanzania madaktari wasaidizi na wauguzi, hasa Muhimbili jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi. Mama anayejifungua kwa upasuaji usiku katika hospitali ya wilaya, yule anayempiga nusukaputi au kumchoma ganzi ya mgongo kwa kawaida si daktari bingwa wa usingizi. Katika miaka ya 2000 hospitali ya AIC Kijabe nchini Kenya ilianza kuwafunza wauguzi wa usingizi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani, na Baraza la Uuguzi la Kenya likaitambua kozi hiyo. Kwa njia hiyo mnyororo wa malezi ulioanzia Minnesota na Ohio umefika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na wahitimu wametoka hapo kwenda hospitali za mbali zilizokuwa zikifanya upasuaji kwa kubahatisha.

Tatizo letu ni la upande wa pili wa lile la Magaw. Yeye alikuwa na malezi bila cheti. Muuguzi wetu anaweza kumaliza kozi, akapata cheti na leseni, kisha akapangiwa kituo ambacho yeye ndiye wa kwanza na wa pekee mwenye ujuzi huo. Siku mama anapovuja damu mezani, hakuna wa kumtazama machoni na kumwambia punguza, ongeza, ngoja. Amehitimu jana, na kesho anatarajiwa kumfundisha mwingine.

Mabaraza ya uuguzi ya Kenya na Tanzania tayari yanamtaka muuguzi aonyeshe mafunzo endelevu kabla ya kuhuisha leseni yake. Saa anazokaa muuguzi mzoefu begani mwa muuguzi mchanga ndani ya chumba cha upasuaji zinastahili kuhesabiwa humo kwa uzito usiopungua ule wa semina, na ziwekwe kwenye ratiba ya zamu kama kazi inayolipwa. Muuguzi mpya wa usingizi naye asipelekwe kituo cha peke yake mpaka awe amefanya kazi kwa kipindi kilichowekwa karibu na aliyemtangulia, hata kama hiyo inamaanisha wilaya moja isubiri na nyingine ipate wawili.